John Henry Lloyd, Mlinzi wa Pengo

Katika kila fani ipimwayo kwa tarakimu, sifa ya mtu hutegemea vitu viwili: kazi aliyoitenda, na daftari lililoiandika kazi hiyo. Vitu hivi vikienda pamoja, ni wachache waonao kwamba ni viwili. Vikiachana, sifa ya mtu huyumba, na mwenye kutafuta ukweli hulazimika kuuliza ni nani aliyelishika daftari, na kwa nini aliacha kurasa nyingine tupu. Besiboli, mchezo uliopendwa na Wamarekani kupita michezo yote katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, ni mchezo wa daftari. Kila pigo, kila mbio na kila kosa huandikwa, na mashabiki hubishana juu ya hesabu za watu waliokufa zamani kana kwamba walicheza jana. Kwa sababu hiyo maisha ya John Henry Lloyd yafaa kuchunguzwa. Wengi wa wale waliomwona akicheza walimhesabu miongoni mwa mabingwa wakubwa wa zama zake. Walakini daftari kuu la mchezo halikuwa na jina lake.

Yafaa kwanza kuueleza mchezo kwa ufupi. Timu ni mbili, na kila timu hutoa uwanjani walinzi 9. Vituo ni vinne, navyo vimepangwa katika pembe nne za mraba. Mrushaji husimama katikati na kumrushia mpira mpinzani wake aliyeshika gongo katika kituo cha nyumbani. Mpigaji akiupata mpira vizuri hukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili na cha tatu. Akifanikiwa kurudi nyumbani, timu yake hupata alama moja. Walinzi watatu hukaa karibu na vituo vitatu vya mbele, kila mmoja na chake. Lakini kati ya kituo cha pili na cha tatu hubaki nafasi pana isiyo na kituo, na wapigaji wengi, kwa kuwa hushika gongo upande wa kulia, hupeleka mipira mingi huko huko. Mlinzi wa nafasi hiyo huitwa shotistopu. Hapa ataitwa mlinzi wa pengo. Yeye hana kituo chake mwenyewe, lakini hutakiwa kufika kila mahali: kuudaka mpira unaoviringika kwa kasi, kugeuka, na kuurusha mpaka kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika.

Kabla ya mwaka wa 1920 kazi hiyo ilikuwa nzito zaidi. Mpira uliotumika haukuruka mbali, na ulipochakaa na kuchafuka uliendelea kutumiwa. Wapigaji hawakutegemea mapigo marefu ya kuvuka ukuta wa uwanja. Walitegemea mapigo mafupi, ujanja na mbio, na kuiba kituo wakati mrushaji ameghafilika. Glavu zilikuwa ndogo, na viwanja vingi vilikuwa vya mashimo na mawe. Katika mchezo wa namna hiyo alama zilikuwa chache, na mara nyingi ushindi uliamuliwa na yule aliyelinda pengo.

John Henry Lloyd alizaliwa tarehe 25 Aprili 1884 katika mji wa Palatka, kando ya mto St. Johns katika jimbo la Florida. Siku sita baada ya kuzaliwa kwake, yaani tarehe 1 Mei 1884, kijana mweusi jina lake Moses Fleetwood Walker aliingia uwanjani akiwa mdakaji wa timu ya Toledo, ambayo wakati huo ilikuwa katika mojawapo ya ligi kuu. Katika mwaka huo huo nduguye Walker, Weldy, naye alichezea timu hiyo. Kwa hiyo katika mwaka aliozaliwa Lloyd mlango ulikuwa wazi, japo kwa upenyo mdogo. Jambo hili halina budi kukumbukwa hadi mwisho wa habari hizi, kwa maana mara nyingi husemwa kwamba watu kama Lloyd walizaliwa kabla ya wakati wao, kana kwamba mlango haukuwa umepata kufunguliwa.

Mlango ulifungwa na watu. Mwezi wa Julai mwaka wa 1887 wakuu wa ligi iliyoitwa International League, ambayo ilikuwa chini ya ligi kuu kwa daraja moja, walipiga kura kwamba mikataba mipya isitolewe kwa wachezaji weusi. Ligi kuu zenyewe hazikuandika sheria ya namna hiyo. Wenye timu walipatana kimyakimya, na mapatano yasiyoandikwa yana nguvu ya pekee: hayapingiki mahakamani, wala hapana mtu awezaye kuonyeshwa kwamba ndiye aliyeyatunga. Mwaka wa 1896 Mahakama Kuu ya Marekani nayo ilihalalisha utengano wa rangi katika magari ya moshi, na majimbo ya kusini yakaueneza utengano huo katika kila pembe ya maisha. Wakati Lloyd alipokuwa kijana wa miaka 12, basi, nchi yake ilikuwa imekwisha kumwamulia mahali pa kukaa, pa kusoma na pa kucheza.

Baba yake alifariki angali mtoto mchanga, mama yake akaolewa tena, na malezi yake yakaachwa kwa bibi yake. Aliacha shule mapema, akawa mtumishi wa duka wa kupeleka vitu kwa wanunuzi. Mchezo aliujifunza katika timu za mitaani, na mwaka wa 1905 aliingia katika timu ya watu weusi ya mji wa Macon, jimbo la Georgia, akiwa mdakaji. Timu hiyo ilikuwa maskini hata haikuwa na barakoa ya kumkinga mdakaji uso. Husimuliwa kwamba baada ya kupigwa na mpira machoni, Lloyd alinunua kapu la waya la kutilia taka, akalivaa usoni, akaendelea na kazi. Iwapo kisa hiki kimetiwa chumvi au la, chaeleza vema hali ya mchezo wa watu weusi wakati huo: kipaji kilikuwapo, vyombo havikuwapo.

Mwaka wa 1906 alikwenda kaskazini, kwenye timu ya Cuban X-Giants. Jina hilo lisimpotoshe msomaji, kwani wachezaji wake wengi walikuwa Wamarekani weusi. Mwaka uliofuata alihamia Philadelphia Giants chini ya Sol White, mchezaji na kiongozi ambaye katika mwaka huo huo wa 1907 alitoa kitabu cha historia ya besiboli ya watu weusi. Kitabu hicho kilikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya watu weusi ya kujitungia daftari lao wenyewe. Hapo Philadelphia ndipo Lloyd alipotambulikana kuwa mlinzi wa pengo wa daraja la kwanza. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu na viganja vikubwa. Mwendo wake ulionekana wa taratibu, lakini alifika kwenye mpira kabla ya wale walioonekana kuwa wepesi. Alirusha kwa mkono wa kulia na kupiga kwa upande wa kushoto. Hakuwa mlevi wala mtukanaji, na wachezaji wenzake walimheshimu kwa upole wake nje ya uwanja kama walivyomwogopa ndani yake.

Mwaka wa 1910 Rube Foster, mrushaji hodari aliyekuwa akijifanya tajiri na kiongozi wa timu, alimchukua Lloyd mpaka Chicago katika timu ya Leland Giants. Foster alitangaza kwamba timu hiyo ilishinda michezo 123 na kushindwa 6 tu katika mwaka huo. Hesabu hiyo yataka kupokewa kwa uangalifu. Timu za watu weusi hazikuwa na ligi imara. Zilisafiri kutoka mji hadi mji, zikicheza na yeyote aliyekubali kucheza nazo: leo timu ya mabingwa, kesho timu ya wafanyakazi wa kiwanda. Ushindi 123 haukuwa wa uzito mmoja. Hapa shida ya daftari yaonekana waziwazi. Aliyetengwa hapewi wapinzani wanaolingana, kisha huambiwa kwamba ushindi wake si kitu kwa sababu wapinzani wake hawakulingana naye.

Kisiwa cha Kuba kilitoa nafasi ya kulipima jambo hilo. Huko wachezaji weupe na weusi walicheza pamoja, na timu za Marekani zilizoea kwenda wakati wa baridi. Mwishoni mwa mwaka wa 1910 timu ya Detroit Tigers, iliyokuwa bingwa wa American League kwa miaka mitatu mfululizo, 1907, 1908 na 1909, ilifika Havana kucheza michezo 12 na timu za huko. Lloyd na Wamarekani weusi wenziwe walikuwa katika timu ya Habana. Kwa michezo yote Detroit walishinda zaidi ya walivyoshindwa, na hilo lisifichwe. Lakini Ty Cobb, mpigaji aliyesifiwa kuliko wote katika ligi yake, alifika kwa michezo ya mwisho na kukuta mambo asiyoyatazamia. Yeye mwenyewe alipiga vizuri. Hata hivyo wachezaji weusi watatu, Lloyd, Grant Johnson na mdakaji Bruce Petway, walimpita kwa wastani wa mapigo. Kwa hesabu zilizohifadhiwa, Lloyd alipata mapigo safi 11 katika zamu 22, yaani nusu kamili, jambo lisilo la kawaida kwa mpigaji yeyote. Na Cobb alipojaribu kuiba vituo, Petway alimrushia mpira na kumkamata. Inasimuliwa kwamba Cobb aliondoka Kuba akiapa kutocheza tena na watu weusi.

Michezo michache haitoshi kuthibitisha kwamba mtu mmoja ni bora kuliko mwingine. Hata mchezaji wa kawaida aweza kuwa na juma moja la bahati. Bali inatosha kuthibitisha jambo jingine: kwamba Lloyd na wenziwe hawakutengwa kwa kukosa uwezo. Wakuba walikwisha kulijua hilo. Walimpa Lloyd jina la Cuchara, neno la Kihispania lenye maana ya kijiko, kwa kuwa alipouchota mpira kutoka ardhini viganja vyake vipana viliondoka na mchanga pamoja na mpira.

Katika Marekani alipewa jina jingine. Waandishi walimwita Wagner Mweusi, wakimlinganisha na Honus Wagner, mlinzi wa pengo wa timu ya Pittsburgh ambaye ndiye aliyekuwa kipimo cha kazi hiyo kwa watu wote. Connie Mack, aliyeiongoza timu ya Philadelphia Athletics kwa nusu karne, inasemekana alitamka kwamba ukiwatia Lloyd na Wagner katika mfuko mmoja na kumtoa yeyote bila kutazama, huwezi kukosea. Wagner naye, kwa uungwana wake, alisema kwamba aliona fahari kulinganishwa na mtu kama huyo. Sifa hizo ni njema, lakini ndani yake mna kasoro. Mtu mweusi hakuweza kusifiwa kwa jina lake peke yake. Ilimpasa aazimwe jina la mtu mweupe ndipo umahiri wake ueleweke.

Ulinganisho wenyewe, ukifuatwa mpaka mwisho, wafundisha mengi. Wagner alichezea Pittsburgh tangu mwaka wa 1900 mpaka 1917, misimu 18 katika timu moja. Alikuwa na ligi yenye ratiba, waamuzi wa kudumu na waandishi wa hesabu, na kwa miaka mingi ujira wake ulikuwa dola 10,000 kwa mwaka, kiasi kikubwa kwa siku hizo. Lloyd katika miaka yake ya mchezo alipitia timu zipatazo kumi, kutoka Philadelphia hadi Chicago, kutoka Chicago hadi New York, kisha Chicago tena, halafu Brooklyn, Columbus, Atlantic City na kwingineko. Alipoulizwa habari ya kuhamahama kwake alijibu kwa maneno machache kwamba palipokuwa na fedha ndipo naye alipokuwa.

Jibu hilo lisichukuliwe kuwa dalili ya tamaa. Wachezaji weupe wa zama hizo walifungwa na kifungu cha mkataba kilichomwezesha mwenye timu kumshika mchezaji mwaka baada ya mwaka, asiweze kujitafutia ujira bora mahali pengine. Wagner alikuwa na nyumba imara, lakini hakuwa na ruhusa ya kutoka ndani yake. Lloyd alikuwa na ruhusa ya kwenda atakako, lakini hakuwa na nyumba. Timu za watu weusi zilianzishwa na kufa upesi. Aghalabu mikataba yao haikuwa na nguvu, na msimu mmoja wa mvua nyingi uliweza kuwafilisi wenyewe. Katika hali hiyo mtu aliyetegemea mikono yake hakuwa na bima nyingine ila kujua thamani yake na kuidai.

Mwaka wa 1911 aliingia Lincoln Giants, timu iliyoundwa na ndugu wawili weupe wa ukoo wa McMahon katika mtaa wa Harlem, New York, na baadaye akawa kiongozi wake. Pamoja naye walikuwapo mrushaji Joe Williams, mdakaji Louis Santop na mkimbiaji Spottswood Poles, na mwaka wa 1913 timu hiyo iliwashinda Chicago American Giants wa Rube Foster katika mfululizo wa michezo ya ubingwa. Foster hakuwa mtu wa kushindwa mara mbili kwa kosa moja. Mwaka wa 1914 alimrudisha Lloyd Chicago, na katika miaka iliyofuata American Giants ikawa timu ya kuogopwa kuliko zote za watu weusi, ikisafiri kwa behewa lake lenyewe ili wachezaji wasihangaike kutafuta hoteli ambazo zisingewapokea. Wakati wa baridi baadhi ya wachezaji hao, na Lloyd miongoni mwao, walikwenda Palm Beach, Florida, ambako hoteli mbili za matajiri, Breakers na Royal Poinciana, ziliunda timu za wachezaji weusi ili kuwaburudisha wageni. Wachezaji waliandikwa kama watumishi wa hoteli. Mzaliwa wa Florida alirudi hivyo katika jimbo lake, akashangiliwa uwanjani na watu ambao wasingekubali kuketi naye meza moja.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1920 Foster aliwakusanya wenye timu katika mji wa Kansas City, wakaanzisha Negro National League, ligi ya kwanza ya watu weusi iliyodumu. Lloyd alijiunga na ligi hiyo mwaka wa 1921, akiwa mchezaji na kiongozi wa timu ya Columbus Buckeyes. Umri wake ulikuwa miaka 37. Mwaka wa 1923 aliiongoza timu ya Hilldale, karibu na Philadelphia, kuutwaa ubingwa wa kwanza wa Eastern Colored League, na hata hivyo hakubakizwa kwa msimu uliofuata. Akarudi kwa Bacharach Giants wa Atlantic City. Huko alimkuta Dick Lundy, kijana aliyekuwa mlinzi hodari wa pengo. Lloyd hakung'ang'ania nafasi iliyompa jina. Alimwachia Lundy pengo, akaenda kulinda kituo cha pili kando yake. Kwa mtu aliyejua thamani yake kama Lloyd, huo haukuwa uamuzi mdogo, na wachezaji vijana walianza kumwita Pop, yaani baba.

Tarehe 5 Julai 1930 uwanja wa Yankee Stadium wa New York ulifunguliwa kwa mara ya kwanza kwa timu za watu weusi. Lincoln Giants, waliokuwa wakiongozwa na Lloyd aliyekwisha timiza miaka 46, walicheza na Baltimore Black Sox mbele ya maelfu ya watu, na faida ya siku hiyo ilikwenda kwa chama cha wafanyakazi weusi wa mabehewa ya kulala, kilichoongozwa na A. Philip Randolph. Uwanja ambao Lloyd hakuruhusiwa kuuingia kama mchezaji wa ligi kuu aliuingia kama kiongozi wa timu yake, kwa manufaa ya wafanyakazi wa rangi yake.

Aliacha kucheza kwa malipo mwanzoni mwa miaka ya 1930, akakaa Atlantic City pamoja na mkewe. Alifanya kazi ya usafi katika posta, kisha katika shule za mji huo, akawa pia msimamizi wa ligi ya watoto wa besiboli. Watoto waliompenda walikuwa wanafunzi wa shule alizozifagia. Hapana ushahidi kwamba aliionea haya kazi hiyo. Aibu, ikiwa ipo, ilikuwa ya mchezo uliomwacha mtu wa namna yake kuzeeka bila akiba.

Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, na mapatano yasiyoandikwa yakavunjika. Robinson mwenyewe alikuwa mlinzi wa pengo katika timu ya watu weusi ya Kansas City Monarchs mwaka wa 1945. Miaka miwili baada ya siku hiyo, mwaka wa 1949, mji wa Atlantic City uliupa uwanja mmoja wa besiboli jina la Lloyd. Katika sherehe hiyo aliulizwa swali ambalo kila mtu alilifikiri: je, haoni kwamba alizaliwa wakati usiofaa? Alikataa. Alisema kwamba kwa maoni yake ulikuwa wakati unaofaa, kwa kuwa yeye na wenziwe walipata nafasi ya kuonyesha uwezo wa watu wao katika mchezo huo, na kwa kuwa walijitahidi kuulinda utukufu wake, waliokuja baadaye walifunguliwa mlango.

Jibu hilo limesifiwa mara nyingi kuwa la unyenyekevu, na pengine limesifiwa kwa sababu isiyo njema. Ni rahisi kwa wale waliofunga mlango, na kwa watoto wao, kumsikia mzee akisema hana kinyongo, wakajiona wamesamehewa deni ambalo hawakulilipa. Lakini Lloyd hakusema hivyo. Hakusema kwamba alitendewa haki. Alisema kwamba maisha yake hayakupotea, na haya ni maneno mawili yaliyo mbali sana. Mtu ana haki ya kuyahukumu maisha yake mwenyewe, na kukataa kuhurumiwa na wale ambao huruma yao haikumgharimu kitu. Hukumu hiyo haimfungi mwanahistoria, ambaye kazi yake ni kuwahukumu wengine. Na kwa upande wa historia swali lenyewe lilikuwa na kosa. Kusema kwamba mtu alizaliwa wakati usiofaa ni kuulaumu wakati, ilhali wakati haupigi kura. Mwaka aliozaliwa Lloyd mtu mweusi alikuwa akidaka mpira katika ligi kuu. Miaka mitatu baadaye watu wenye majina na vyeo waliketi, wakajadiliana, wakaamua. Na wengine waliokuja baada yao, kwa miaka 60, waliamua tena kila msimu ulipoanza.

Lloyd alifariki Atlantic City mwaka wa 1964. Mwaka wa 1977 kamati iliyowekwa kwa ajili ya wachezaji wa ligi za watu weusi ilimchagua aingie katika jumba la mabingwa wa besiboli huko Cooperstown, pamoja na Mkuba Martín Dihigo. Wagner alikuwa amechaguliwa katika uchaguzi wa kwanza, mwaka wa 1936. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2020 wakuu wa besiboli walitangaza kwamba ligi saba za watu weusi zilizokuwapo kati ya mwaka wa 1920 na 1948 zitahesabiwa kuwa ligi kuu, na mwaka wa 2024 hesabu za ligi hizo zikaingizwa katika daftari kuu. Hatimaye jina la Lloyd liliandikwa mahali palipostahili.

Bali aliyeandikwa hapo ni Lloyd wa miaka 37 na zaidi. Lloyd wa Philadelphia, Lloyd wa Havana, Lloyd wa Lincoln Giants ya mwaka wa 1913, hayumo, kwa kuwa kabla ya mwaka wa 1920 hapakuwa na ligi ya watu weusi inayokubaliwa na daftari. Ukubwa wa pengo hilo waweza kupimwa kwa kipimo kile kile cha Wagner. Wagner aliongoza ligi yake kwa wastani wa mapigo mara 8, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka wa 1911, alipokuwa na miaka 37. Kama daftari la Wagner nalo lingeanzia umri huo, mataji 7 kati ya 8 yangefutika, na msomaji wa leo angemwona kama mzee hodari aliyefanya vema kwa misimu michache. Hivyo ndivyo daftari, hata baada ya kusahihishwa, linavyomwonyesha Lloyd.

Wanaolitunza daftari hawana lawama kwa hilo. Hawawezi kuandika michezo ambayo hesabu zake hazikukusanywa kwa utaratibu, na kubuni tarakimu ili kufariji dhamiri kungekuwa udanganyifu mpya juu ya ule wa zamani. Lakini msomaji wa daftari ana wajibu wake. Anapaswa kujua kwamba ukurasa mtupu si sifuri. Sifuri maana yake mtu alijaribu asipate. Ukurasa mtupu maana yake mtu alipata, na aliyeshika kalamu hakuandika. Ushahidi wa wachezaji wenzake, wa wapinzani wake, na wa Wakuba waliompa jina la kijiko, hauwezi kugeuzwa kuwa wastani wa mapigo, lakini ni ushahidi, nao watosha kumfanya msomaji asimame kabla ya kuamua ni nani aliyekuwa bora katika zama ambazo washindani wengi walizuiwa mlangoni.

Uwanja wa Atlantic City ulichakaa baada ya kifo chake, na katika miaka ya 1990 wakazi wa mji huo waliufanyia jitihada ukakarabatiwa. Watoto waliocheza juu yake hawakuwa wamemwona Lloyd, na hesabu za miaka yake bora hawakuweza kuzisoma popote. Walilikuta jina lake limeandikwa juu ya uwanja, na mbele yao pengo lile lile kati ya kituo cha pili na cha tatu, likimngoja mtu wa kulilinda.